Sare Yetu Peke Yetu

Kwetu Goma diploma haikamiliki bila poda. Unaweza kusoma miaka yote, ukavaa joho, ukapeana mkono na wakubwa wote walioketi mbele, lakini kama mama yako hajakumwagia poda kichwani mpaka nyusi zigeuke nyeupe, bado hujamaliza. Ndiyo maana asubuhi ile mama yangu alikuwa na kopo la poda ndani ya mkoba wake, na ndiyo maana chai ilimshinda.

Siku hiyo seminari iliyo upande wa Keshero ilikuwa inawatoa wachungaji wapya. Kila mwaka, wakiisha kuwapa vijana diploma, huwaita mbele watu wachache wa mitaa, wachungaji wazee na viongozi wa vikundi, wakawavika kitenge mabegani na kuwashukuru mbele ya watu wote. Mwaka huu walimchagua mama yangu, kwa kuwa ndiye anayeongoza wamama wa kanisa letu la Mabanga. Wagonjwa anawajua yeye, wafiwa anawajua yeye, na wale waliokimbia vita wakaja kulala kwenye madarasa ya kanisa, yeye ndiye aliyewatafutia sufuria. Mwingine angefurahi. Yeye alikuwa anatafuta sababu ya kuugua.

Aliyemkosesha raha ni mama mmoja, jirani yetu. Huyo ni Mkatoliki wa upande wa Bukavu, mtu wa rozari, anaongoza shirika la parokia yake kwa mkono mgumu kama mama anavyoongoza wamama wetu. Ua wetu na wake unatenganishwa na mbao tu. Volkano ilipolipuka walikimbia pamoja, wakarudi pamoja, wakaanza upya juu ya mawe bado yana joto. Vitenge walikuwa wakienda kununua pamoja sokoni Birere, kwa muuzaji mmoja, kitambaa kimoja, mpaka wageni wakadhani ni ndugu wa tumbo moja. Na mtoto wake wa mwisho alikulia nusu kwetu. Alikula sombe yetu, akaimba kwenye kwaya yetu, na alipokuwa mtu mzima akatangaza kwamba anataka kuwa mchungaji. Mchungaji, si padri.

Jirani alikuja mpaka mlangoni petu na hakukubali kiti. "Nilikupatia mutoto akule kwako," alimwambia mama. "Sikukupatia umubebe." Tangu hapo salamu zikaisha. Alikuwa anapita mbele yetu macho yakiwa barabarani, na mama, ambaye hanyamazi hata kwa askari, alikuwa ananyamaza. Nilimkasirikia yule jirani sana. Mimi hasira zangu ziko karibu, watu wa nyumbani wananijua.

Sherehe ilipokaribia kijana alikuja kumwona mama. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba haji kuona mambo ya Waprotestanti.

"Basi ni wewe utanimwangia poda, Mama," alisema, na akacheka ili tusione uchungu wake.

Mama alimkubalia. Alipoondoka, akakaa chini kwenye kiti cha jikoni, kopo mkononi. "Nikimumwangia, nitakuwa nimemuiba kweli," aliniambia. "Na nikikatala, atashuka pale mbele ya batu sawa mutoto asiye na mutu. Unaona vile?" Niliona.

Mimi nilikuwa na kazi yangu, nayo ilikuwa sare. Familia ya mtu anayeheshimiwa haiwezi kuingia ukumbini kila mmoja na nguo yake kama watu waliokutana sokoni. Nilikwenda Birere kwa muuzaji yuleyule wa zamani, nikachagua kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, na kabla hajakikata nikamwapisha.

"Kikwembe hiki ni chenu peke yenu," alisema, mkono juu. "Goma nzima hutaona mwingine anakivaa." Nikamwamini, kwa sababu nilikuwa napenda kumwamini.

Basi tukaingia ukumbini, dada zangu, wake za kaka zangu na mimi, buluu tupu, tumependeza vibaya sana. Wasichana wa protokoli, wenye mikanda ya satini mabegani, walitupangia mistari miwili mbele. Mama alikuwa katikati yetu, mkoba juu ya magoti, akiushika kwa mikono miwili. Kwaya ilikuwa imeanza nilipogeuka kuangalia watu wa nyuma, na karibu na mlango nikaona ndege wa manjano.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia yule muuzaji, na mengine si ya kusema seminari, ndipo nikapandisha macho kutoka kwenye kitenge mpaka usoni. Alikuwa jirani. Amekaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, peke yake, kama mtu anayengoja mvua ipungue ili aende.

Msichana wa protokoli naye alikuwa amemwona. Kazi yake ni kupanga watu, akaifanya, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu mbele.

"Mama, munakaa huku nyuma juu ya nini? Famille yenu iko mbele."

"Hapana, mwanangu. Mi siko wa famille. Nilikuja tu kuangalia."

"Mama, kikwembe ni kimoja," msichana akasema, na akamshika mkono.

Ukumbi mzima uligeuka. Ugomvi na mtoto aliyevaa mkanda wa satini hauwezekani, kwa hiyo jirani akaja, akiburutwa kidogo, uso umekunjamana, na akaketishwa kando ya mama yangu. Hawakuangaliana. Nilikuwa nasikia mama anavyopumua. Nilisahau hasira, nikaanza kuomba, na mimi si mtu wa kuomba macho wazi.

Jina la kijana likaitwa. Alipanda jukwaani, akapokea diploma yake, akashuka ngazi akitafuta kwa macho mahali mama yangu alipokaa. Katika buluu yote ile akamwona mama yake kando ya mama yangu. Akasimama palepale, watu waliokuwa nyuma yake wakamgonga.

Mama alifungua mkoba. Alitoa kopo, akasimama, na kwa sekunde moja nikadhani ataenda. Kisha akaliweka mikononi mwa jirani.

"Enda," alisema. "Mutoto wako anakungojea."

Jirani alikwenda. Hakumwaga poda, alimzika nayo yule mtoto: kichwani, shingoni, kwenye joho la kuazima, mpaka kijana akawa anakohoa na kulia na kucheka vyote pamoja. Wamama wote walipiga vigelegele, na mimi nilipiga mpaka sauti ikakauka.

Mwishoni wakamwita mama. Walimvika kitenge mabegani, wakamsifu kwa Kifaransa kirefu, kwaya ikampigia wimbo, na mama, ambaye asubuhi alikuwa anatafuta kuugua, akaanza kucheza. Sisi tulikuwa bado tunajipanga kumfuata wakati jirani alipotupita na kopo. Alimmwagia kilichobaki. Nilikuwa karibu, nikasikia alichomwambia sikioni.

"Usiiname sana. Ule mugongo wako."

"Unakumbuka mugongo wangu leo?" mama akajibu.

"Siku zote," jirani akasema, na wakacheza wote wawili, wima.

Jumatatu niliteremka Birere. Furaha ni furaha, lakini kiapo ni kiapo, na nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilimkuta muuzaji anakunja vitambaa, nikamwuliza kwa nini alinidanganya mbele ya Mungu.

"Sikukudanganya," alisema. "Nilikatala kuuza kwa wengine wote. Ila ule jirani yenu alikuja. Aliniuliza, 'Bale ba kwetu balichukua kikwembe gani?' Nikamuonyesha. Akakishika, akakaa nacho kwanza, kisha akasema, 'Nikatie na mie.' Ningemunyima je? Si munavaaka pamoja siku zote?"

Nilikuwa nimekuja kugombana. Nikaanza kulia, katikati ya Birere, pikipiki zinanipigia honi, na yule muuzaji, akidhani nalilia kitenge changu, akaanza kunipunguzia bei ya kingine.