Nilivyofunga kiwanda cha samaki Nyakato kwa utaalamu wangu wa kulinda mitandao

Wakuu, habari za huko mliko, Rock City tunawasalimu.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Ingekuwa ya kutunga, ningejipendelea kidogo.

Mimi ni mtafiti wa usalama wa mitandao. Kazi yangu ni pattern matching: naandika programu inayochungulia yanayopita kwenye mtandao, na ikiona mwenendo unaofanana na wa wadukuzi, inafunga mlango. Nimesomea mpaka PhD, ughaibuni, kwenye maabara ambayo taa hazizimiki.

Mwaka jana kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, Nyakato, kikakubali niijaribu programu hiyo kwao. Ikifaulu napata mkataba, utafiti unaendelea. Ikifeli narudi kufundisha part time. Niliitaka ile kazi vibaya sana.

Siku ya demo nikatinga tai. Meneja ni mama wa Kihaya, hana utani. Nikampa shikamoo, akanitambulisha kwa wenzake kama Dokta. Kichwa kikavimba. Nikawaambia, "Hapa hapiti hata inzi."

Umeme ukakatika.

Jenereta ikanguruma, kompyuta zote za kiwanda zikaamka na kukimbilia seva kwa mpigo. Programu yangu ikaona tumevamiwa. Ikazifungia zote: ya mizani, ya stoo, mpaka printa ya vibali.

Nje lori la minofu linasubiri kibali liwahi ndege, barafu inayeyuka.

Nikajaribu kuingia niizime. Na mimi ikanifungia! Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Meneja akanisogelea taratibu. "Kijana, huyo mlinzi wako amefungia wenye nyumba nje. Mtoe."

Nikaingia chini ya meza na tai yangu, nikachomoa waya wa mashine iliyobeba programu yangu. Kila kitu kikarudi. Lori likaiwahi ndege.

Mkataba sikupata. Iliniuma, sitawaficha. Nilijifungia ndani huku Mabatini, simu sipokei. Baadaye nikaanza upya, nikaifundisha programu jinsi umeme wetu unavyoondoka na kurudi.

Nilichojifunza: kabla hujamkamata mgeni, kaa na wenyeji uijue kawaida yao.

Juzi meneja kanipigia, Jumatatu narudi palepale kujaribu tena. Kasema safari hii umeme atakata yeye mwenyewe.

Sasa nyie mnaoshinda makazini, nini kingine kinatokea huko ambacho maabara haikunifundisha? Nichekeni kwanza, halafu mniambie kabla ya Jumatatu.