Kitabu cha Kliniki Kilichoenda Kawangware

Kila asubuhi, akikaanga dagaa wa omena kwenye karai, kibandani mwake kando ya reli mtaani Laini Saba, Sella Nanyama anarudiwa na maneno yale yale: kitabu chako cha kliniki kimeonekana mtaa wa Kawangware.

Yaliletwa mwaka jana na mteja wake, Rachael, Sella akiwa na mimba ya miezi sita.

"Mama, wewe uko hapa na kitabu kinatembea? Kina miguu kukushinda," Rachael alimtania.

Mumewe, Murunga, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amekipeleka kwa mpenzi wake wa nje aitwaye Mbula, kumwonyesha kuwa yeye ni mzima. Ndani mlikuwa mmeandikwa kuwa Sella amepimwa na hana virusi vya Ukimwi. Murunga mwenyewe hakuwahi kupimwa.

"Si wewe umepimwa? Basi hata mimi nimepimwa," alizoea kumwambia mkewe.

Kesho yake Sella alikimbilia kliniki. Hakupatikana na kitu. Lakini muuguzi alimwonya: "Mama, kama vimeingia juzi, kipimo hiki hakiwezi kuviona leo. Rudi baada ya wiki nne. Na uje na baba."

Hakurudi.

"Karatasi ilisema niko sawa. Nilitaka iwe kweli," anasema, macho kwenye karai.

Alijifungulia kwa mkunga wa mtaani. Siku za chanjo alimtuma dada yake Bridgit na mtoto, asije yeye akaambiwa apimwe. Alinyonyesha miezi minane. Mtoto, Elvis, alipokonda na kukohoa bila kukoma, walipimwa wote wawili, mama na mtoto. Wana virusi.

"Mimi ni mtu mzima. Huyu alinyonya tu," Sella anasema, akimrekebisha Elvis mgongoni.

Sasa wanakunywa dawa kila siku, na mtoto ameanza kunenepa. Murunga bado anasema ataenda kupimwa akimaliza geti la watu.

Jumamosi Sella atafunga kibanda aende Kawangware. Amesikia Mbula ana mimba.

"Siendi kupigana. Nitamwambia majibu ya kile kitabu yalikuwa yangu, sio ya Murunga. Akipimwa sasa, arudie kipimo, na aanze dawa akipatikana navyo, mtoto wake bado anaweza kuzaliwa salama."

Akina mama wengine anawaomba waepuke haya:

Kuhesabu kipimo cha mke kuwa cha mume.
Kuamini kipimo kimoja cha mapema, halafu usirudi.
Kumtuma mtu kliniki kwa sababu unaogopa majibu.
Kunyonyesha bila kupimwa tena.
Kuacha kitabu chako kitembee bila wewe.