Mti wa Rungu la Besiboli

Saulo wa Kilolo ametengeneza madawati, vitanda na majeneza kwa miaka mingi, lakini hakuna kazi iliyowahi kumnyima usingizi kama rungu la besiboli. Mchezo huo ulifika katika shule ya binti yake, Yusta, pamoja na rungu moja tu la chuma. Lilipobonyea, mwalimu wa michezo alimwomba Saulo achonge la mbao. Naye alichukua mpaina, kwa kuwa Kilolo mpaina uko kila mahali, akachonga rungu, akalipiga msasa na vanishi hadi likang'aa kama mguu wa kabati. Katika mazoezi ya kwanza lilikatika penye fundo la tawi. Kipande kiliruka, kikapita karibu na sikio la Yusta, ambaye huchuchumaa nyuma ya mpigaji ili kudaka mipira.

"Hachezi tena," alisema Marta, mkewe Saulo.

"Mama, Jumamosi tunacheza na Mbeya!"

"Cheza na vyombo. Viko pale, havijaoshwa."

Saulo hakubishana. "Nikipata mti ninaouamini, nitakuambia, mama Yusta. Nisipoupata, nitakuambia pia."

Alijaribu mninga, ukawa mzito mno kwa mikono ya wasichana. Alikata mlingoti mbichi, mti ambao wengine huuita mkaratusi, akauanika, ukapasuka. Mbao za dukani zilikuwa zimepasuliwa kwa msumeno, na msumeno hukata nyuzi za mti bila kujali zinakoelekea. Hapo ndipo mbao huvunjika. Alihitaji mlingoti uliopasuliwa kwa shoka, ukafuata nyuzi zake wenyewe, kisha ukakauka polepole kwa miezi mingi. Miezi hiyo hakuwa nayo.

Ndipo alipofikiria jiko la mama mkwe wake, Rozalia. Kama wanawake wengi wa rika lake, Rozalia huning'iniza juu ya mafiga miti ya mipini na ya michi, moshi uikaushe na kuikinga na wadudu. Huko juu ulikuwapo mti mnene wa mlingoti, uliopasuliwa kwa shoka na kuwekwa tangu mavuno ya mwaka jana kwa ajili ya mchi mpya. Lakini mkwe mwanamume haingii katika jiko la mama mkwe, wala hamwombi kitu uso kwa uso. Saulo alisimama uani, akamtuma Yusta.

"Kamwene, bibi," alisalimia Yusta. "Baba anaomba ule mti wa mchi."

"Mwambie mkwe wangu kwamba mchi ni wa kutwangia mahindi."

Ukuta ulikuwa mwembamba, na Saulo alisikia kila neno. Hata hivyo alisubiri Yusta atoke amweleze, ndipo akajibu: "Mwambie bibi nitamchongea miwili."

"Bibi, anasema—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi," alisema Rozalia, kisha akamtania mjukuu wake: "Na wewe, mke mwenzangu, mti huo ni wa kukulinda au wa kukuua?"

"Wa kunilinda, bibi."

"Basi panda juu ya kinu uushushe. Masizi yasiniingilie kwenye mboga!"

Saulo aliuchonga kwa tezo na randa, akifuata nyuzi kwa subira. Alipolimaliza rungu, alimwita Marta. "Hili ninaliamini." Marta alilipiga kwenye kizingiti kwa nguvu zote za hasira yake, akaligeuza, akalitazama kila upande.

"Atacheza," alisema. "Lakini nami nakuja."

Jumamosi, mjini Iringa, timu zote mbili zilitumia rungu hilo. Tumpe, msichana mrefu kutoka mtaa wa Soweto, Mbeya, alilinusa.

"Rungu lenu linanuka moshi! Mmelichoma pamoja na nyama?"

"Piga kwanza," alisema Yusta, amechuchumaa nyuma yake. "Nyama utakula kwenu."

Mpira ulikuja kwa kasi. Tumpe alilizungusha rungu kwa nguvu zake zote, na Marta akafumba macho. Ulisikika mlio mmoja mkavu. Mpira ulipaa juu ya vichwa vya wasichana wote, ukatua nje ya uwanja. Tumpe alidondosha rungu, akakimbia kuzunguka vituo ili kuifungia timu yake.

"Lipo?" aliuliza Marta, macho bado yamefumbwa.

"Lipo, zima," alisema Saulo, aliyesimama kando yake.

"Na Yusta?"

"Anawafokea wenzake waufuate mpira."

Marta aliketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akaanza kucheka.

"Tunafungwa, baba Yusta."

"Tunafungwa vizuri sana," alijibu Saulo, akaketi kando yake.