Lori la Mipira Mikubwa

Juzi nilirudi Dilala, mtaa nilikokulia, nikakuta vijana wamezunguka gari lililofungwa mipira ya magurudumu mikubwa kuliko yake ya kiwandani. Wanaisifu, wanaipiga picha. Hasira ilinipanda, rafiki yangu, nikapita bila kusalimia mtu.

Mama yangu alikuwa akifuata mihogo vijijini, upande wa Mutoshi, kwa lori la jirani yetu tajiri. Wakati wa likizo alinichukua. Tulikaa juu ya magunia tukitafuna karanga, kikwembe alichojifunga kiunoni kikinuka samaki mkavu. Kwenye mteremko dereva aliweka vitesi ya pili, gia ya nguvu, injini ikalia na kulishika lori lisikimbie. Mama alisema, "Gari haina haraka. Mutu ndjo iko na haraka."

Kisha jirani akafunga mipira mikubwa ili apite kwenye matope. Dereva alimfuata hadi uani kwetu.

"Tata, hii mipira ikizunguka mara moja, inakula barabara murefu. Mita inasema tunaenda polepole, kumbe tunakimbia. Na ku muteremuko, vitesi ya pili haishike tena gari sawa zamani. Tubadilishe meno ya gia za nyuma, ao turudishe mipira ya kwanza."

"Endesha tu," jirani alijibu akicheka.

Safari iliyofuata sikwenda. Malaria ilinilaza kwa bibi. Kwenye mteremko injini ilizunguka kivivu, ikashindwa kuzuia mzigo, breki zikaungua. Mama hakurudi. Dereva alitoka na mguu uliovunjika, na mtaa mzima ukasema yeye ndiye aliyekimbiza gari. Mtaa mzima!

Kwenye matanga jirani alisimama, uso wa huzuni. "Mungu ndjo alimuita."

Bibi aliinuka. "Mungu hakufunga ile mipira! Ni weye ulifunga!"

Wakamnyamazisha, nyumbani kwake mwenyewe. Jirani akanawa mikono, akala bukari yetu, ugali wa matanga. Baadaye lori likatengenezwa, likapita tena mlangoni petu na mipira ileile.

Bibi naye ameshakwenda. Pale mama alipouzia mihogo pamejengwa duka la simu, na akina mama waliomfahamu wametawanyika. Uso wake bado ninao. Sauti imenitoka, naitafuta, siipati. Nilinyang'anywa mama, kisha na sauti yake. Wanaoniambia nisamehe, waje kwanza wanirudishie hiyo sauti.