Nchi ya Sahani Mbili kwa Siku

Kwa miaka kumi na moja sasa natandika vitanda katika nyumba ya wageni karibu na Ghuba ya Chole. Si mahali pa wale wanaoshuka kwenye ndege wakapokewa na gari la hoteli. Sisi tuna vyumba sita, feni, vyandarua vyenye viraka na bafu la nje. Wanaokuja kwetu ni wale wa mabegi mgongoni, vijana wa Kizungu wanaofua soksi zao wenyewe na kuzianika dirishani, na mazungumzo yao kwenye chai ya asubuhi ni yale yale: nchi gani ni rahisi.

Kiingereza chao nilikiokota nikiwa na ufagio mkononi. Walizitaja nchi kama sisi tunavyotaja samaki sokoni Kilindoni: ile ghali, ile rahisi ila ina miiba mingi, ile usiiguse msimu huu. Wapo waliojiwekea dola ishirini kwa siku, kulala, kula na nauli humo humo, na siku moja ikizidi, kesho yake wanashindia mkate na ndizi. Kisiwa chetu walikihukumu mbele yangu. Kizuri, walisema, lakini ghali. Kiingilio cha hifadhi, boti, samaki wa hotelini. Siku tatu zinatosha, kisha waende kwingine. Mimi nakunja shuka zao, na fedha yao ya siku hizo tatu ndiyo niliyokuwa naishi nayo mwezi mzima.

Sikuwaonea wivu wa fedha, maana wengi hawakuwa nazo. Nilichowaonea wivu ni kule kuchagua.

Mimi sikupata kuchagua. Baba alikuwa mkwezi wa minazi Baleni. Alianguka nikiwa kidato cha pili, na mama alimfuata kabla mwaka haujaisha. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike ana sita. Shangazi yetu alikaa nasi hadi arobaini ya mama, akarudi kwake na sufuria kubwa la mama, akisema atalirudisha. Kesho yake sikwenda shule, na keshokutwa sikwenda, na hakuna aliyekuja kuuliza. Nimelima mwani, nimeuza mihogo, nimeosha vyombo vya watu, mwisho nikapata vitanda. Niliolewa mara moja. Mume akasema yeye hakuoa nyumba yenye watoto wa watu. Akaondoka, nikabaki na watoto wa watu. Leo wa kiume ana duka la vipuri vya pikipiki Kilindoni, na wa kike ameolewa Baleni, nyumba ya bati na umeme.

Usiku wa harusi yake, wageni walipokwisha kuondoka, nilikaa jikoni nikasema moyoni kwamba sasa nami nitakwenda nchi moja, wiki mbili, nikatazame tu. Nilianza kuweka fedha mwezi ule ule.

Dola za wageni hazikunisaidia, kwa hiyo nilijitengenezea kipimo changu. Siku moja ni sahani mbili za chakula cha moto na kitanda chenye mlango unaofungwa. Yote hayo yasizidi shilingi elfu ishirini. Kisha nikaanza kuuliza watu. Fundi wa boti aliyewahi kukaa Ngazija akaniambia niisahau, kule hata kitunguu kinakuja kwa meli. Mombasa nilielezwa lugha ni yetu lakini sahani ni ya wenye nazo. Mwalimu mmoja wa Kigoma aliisifu sana Burundi, na bei zake nilizipenda, ila nilipopiga hesabu ya nauli ya kufika kwao tu, siku zangu nne zilikuwa zimeliwa njiani. Uganda nayo ikaanguka hivyo hivyo.

Uani kwangu alikuwa amepanga muuguzi wa kutoka bara, mwenyeji wa Kyela. Siku niliyomuuliza alikuwa anachambua mchele.

"Malawi," akasema. "Ukivuka tu daraja la Songwe, shilingi yako inavimba."

"Inavimba vipi?"

"Utaona mwenyewe. Nsima na usipa, yaani ugali na dagaa, unakula unashiba na chenji inarudi. Na ziwa lipo. Mtu wa kisiwa wewe, hutakosa maji ya kutazama."

"Wataelewa ninachosema?"

"Pale Karonga, mji wa karibu na mpaka, nusu yao ni ndugu zetu. Mtaelewana mpaka mtagombana."

Nikaongeza na nililolisikia kwa wageni wenyewe, kwamba kinachokula fedha ni kuhamahama, na anayekaa mji mmoja hutumia nusu. Basi ikawa Karonga, siku kumi na nne, sihami.

Nilipokwenda kuomba hati ya kusafiria, ofisa aliniuliza sababu ya safari.

"Matibabu?"

"Hapana."

"Biashara?"

"Hapana."

"Unakwenda kwa nani?"

"Sina mtu kule."

Akaweka kalamu mezani. "Sasa mama, mtu anakwendaje asikokuwa na mtu?" Hakusema kwa ubaya. Mwisho aliandika "utalii", akalitazama neno lile, kisha akanitazama mimi.

Yule nilimwelewa. Wadogo zangu ndio sikuwaelewa. Nilikwenda Baleni kumwambia wa kike kwanza. Alikuwa anakuna nazi, hakunyanyua uso.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Nani anaumwa basi?"

"Hakuna. Nakwenda kutembea."

Ndipo akaacha mbuzi ya nazi. "Umepata bwana."

"Sina bwana."

"Afadhali ungekuwa naye, dada. Tungejua la kuwaambia watu."

Kwetu mtu husafiri kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa harusi, kwa kazi au kwa Hija. Safari isiyokuwemo humo haina jina, na ikikosa jina watu huipa wanalotaka. Hilo nililijua. Nilidhani tu kwamba hawa wawili wangeniwekea akiba ya heshima, hata kidogo, kwa yale niliyowafanyia.

Juma lililofuata mdogo wangu wa kiume aliniita kwake. Nilipofika nikamkuta shangazi ameketi kwenye mkeka, nikajua kimeshakuwa kikao.

"Dada, wewe ndiye mama yetu," akaanza mdogo wangu. "Mama haendi kutembea."

Miaka ishirini na ushei niliyafanya ya mama, na jina hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya kunikataza.

Shangazi akadakia, kwa sauti laini. "Hatukukatazi, mwanangu. Ila wazazi wako toka wazikwe hawajasomewa hitima ya maana. Watu wanauliza. Fedha ya kutembelea ipo, ya kuwasomea wazee haipo?"

Hitima ni kisomo cha kuwaombea waliokufa. Watu hukusanyika, Kurani ikasomwa, pilau ikaliwa. Nani atasimama mbele ya watu aseme hataki wazazi wake waombewe? Walijua. Walikuwa wametafuta kitu kimoja duniani nisichoweza kukikataa, wakakipata. Kwa nafsi yangu nilikuwa nawasomea wazazi kila Alhamisi bila kukosa, lakini kisomo cha mtu mmoja chumbani hakina pilau, kwa hiyo hakihesabiwi. Nilitaka kumuuliza shangazi pilau hiyo itapikwa katika sufuria gani. Nikajizuia.

"Hitima naitaka," nikasema. "Tuchange sawa kwa sawa sisi watatu. Siku mtakayotoa zenu, zangu zipo."

Mdogo wangu wa kiume akakuna shingo. "Biashara mwezi huu, dada, unaiona mwenyewe."

Wa kike akashika pindo la kanga yake. "Mimi mpaka nimuulize mume wangu."

Nilingoja miezi miwili. Mmoja hakupata mwezi mzuri, mwingine hakumuuliza mume. Mwezi wa tatu nilikata tiketi ya boti ya kwenda Nyamisati, bara, na aliyenisindikiza hadi Kilindoni ni yule muuguzi, mpangaji wangu, mtu wa dini nyingine na kabila jingine. Duka la mdogo wangu tulilipita. Alikuwa ndani, anampimia mtu mnyororo wa pikipiki. Aliniona. Akaendelea kupima.

Karonga nilifika siku ya tatu, miguu imevimba kwa kukaa ndani ya mabasi. Muuguzi hakunidanganya. Nilipata chumba nyuma ya duka la mbegu, mlango una komeo la kweli, na sahani ya kwanza ilinishinda kumaliza. Maji ya ziwa niliyaonja kwa kidole mara tatu. Jicho linaona bahari, ulimi unakataa.

Kilichonishinda ni asubuhi. Siku ya pili niliamka jua limepanda, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu utoto, na mwanamke wa pale akaja kubadilisha shuka. Nilikaa kwenye kiti nimtazame, kama wageni wanavyonitazama mimi. Haikupita dakika. Niliinuka nikashika upande wa pili wa shuka, tukaikunjua pamoja, na yeye akacheka.

"Mama, umelipa wewe. Kaa."

Nikakaa. Siku ya tano nilikuwa nimekwisha kujua kukaa. Nilikwenda sokoni kutazama watu ambao hawakunidai chochote, nikarudi, nikalala mchana. Hakuna aliyeniita dada kisha akanyamaza kidogo kabla ya kutaja shida yake. Nilianza kufikiri kwamba pengine hivi ndivyo watu wengine huishi mwaka mzima.

Siku ya tisa mdogo wangu wa kiume akapiga simu.

"Shikamoo dada. Hitima ni Ijumaa."

"Ijumaa hii? Nami niko huku?"

"Shekhe ndiyo nafasi aliyotupa. Si wewe uliyesema tuchange sawa kwa sawa? Sisi tumetoa. Limebaki fungu lako."

"Nimebakiza siku tano tu. Mngenisubiri."

"Watu tumeshawaalika. Kama huna, sema huna, dada. Tutawaeleza watu."

Kwa muda wa miezi miwili nilipokuwa mbele yao fedha zao hazikuonekana. Zilionekana nilipovuka mpaka. Nilijua watu wangeketi mkekani, wangeniulizia, na mtu angejibu, kwa sauti ya huzuni, kwamba mkubwa wao amekwenda kutembea. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga begi usiku ule na kukimbilia nyumbani, nifike nimechoka, niingie jikoni nikoroge pilau. Hapo wangenisamehe.

Nilikaa kitandani nikahesabu. Nauli ya kurudi niliiweka kando, haiguswi. Katika fedha iliyobaki nikitoa fungu langu la hitima, kilichosalia kililipia kitanda siku tano na sahani moja ya chakula kwa siku. Moja, si mbili. Ahadi yangu ilikuwa sawa kwa sawa, na niliitoa mbele ya shangazi. Sikutaka wapate hata tundu la sindano la kupitishia neno. Lakini siku zangu pia sikuwapa.

Sokoni kulikuwa na muuza vitenge, Mnyakyusa, anayevuka kwenda upande wetu kuleta mzigo. Asubuhi yake nilimpa kwacha zangu, akampigia dada yake wa Kyela, na kabla ya adhuhuri fedha ilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu. Hakujibu. Ijumaa nilifunga mlango kwa komeo, nikatia udhu, nikawasomea wazazi wangu Yasini peke yangu, mara mbili, moja kwa kila mmoja. Njaa ilikuwa inauma, maana sahani yangu nilikuwa nimeipanga iwe ya alasiri ili nilale nayo.

Siku tano hizo nilizimaliza zote. Nilijua sasa kwa nini wale wa mabegi hunywa maji mengi na kulala mapema.

Niliporudi kisiwani, majirani walinipa pole ya kukosa hitima ya wazazi wangu mwenyewe. Walisema ilifana, na kwamba wadogo zangu wamekuwa watu wazima, wameibeba wenyewe wawili. Nilimtazama mmoja wao nikitaka kueleza, nikaona itakuwa kama kuomba risiti kwa Mungu. Nikasema alhamdulillahi.

Wa kike alikuja baada ya siku tatu, kanga mpya, mikono mitupu. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni, akasikitika kwelikweli, kwa sababu hana roho mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Mbona umekonda hivi? Kwani huko Malawi hakuna chakula?"

"Kipo," nikamwambia. "Tena rahisi sana."