Punda Aliyefungwa Kamba Kwenye Paji la Uso

Enzi zetu pale Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, farasi tulimjua kwa picha ya kalenda tu. Tulipanda juu ya migomba iliyoanguka kana kwamba ni farasi, tukaichapa fimbo, na aliyeangushwa wa kwanza alikula kiazi kidogo jioni.

Mwaka mmoja kabla ya kufa, baba alileta punda kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Hakuna jirani aliyewahi kufuga punda. Walimtazama kama mgeni aliyepotea njia. Kisha baba akafa, mama akamfuata, na punda akabaki hajafundishwa kitu. Mimi Masika, mtoto wa kwanza, niliacha masomo mwaka wa tano wa primeri. Nyuma yangu walikuwa Paluku na Kavira, wadogo bado. Baba mkubwa alikuja na neno lake:

"Kahawa ya baba yenu ifike barabarani mbele ya mvua. Isipofika, nitagawa ninyi kwa bandugu, kila mutoto na nyumba yake."

Nikaanza kumfundisha punda kazi kwa namna niliyoijua. Kwetu wanawake hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Nikamfunga vilevile. Alipiga hatua mbili, akaketi. Mama Kahindo, jirani yetu, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Masika, unamufundisha kubeba ama kuolewa?"

Aliyetuokoa ni Papa Hamisi, msafirishaji wa Beni, ambaye lori lake lilikuwa limekwama karibu na kwetu.

"Binti, ule hapana mama yako. Toa kamba pa kichwa. Weka gunia huku na huku, zilingane. Na utembee pembeni yake, usimukokote sawa mbuzi."

Siku ya kwanza punda alibeba magunia matupu, ya pili majani, ya tatu kahawa nusu gunia. Alipogoma, Kavira alimwimbia nyimbo za kanisa, naye akaondoka mbio, labda kumkimbia mwimbaji. Tulishuka na kupanda siku nane, mawingu yakizidi kushika Rwenzori. Mzigo wa mwisho ulifika barabarani pamoja na matone ya kwanza. Baba mkubwa alitia mkono ndani ya gunia. Kavu.

"Basi. Mubakie."

Akala sombe yetu ya majani ya muhogo, akaenda zake.

Vijana wa sasa wanaendesha pikipiki kabla ya kujua kufunga mzigo. Ukiwatajia punda, wanatafuta picha kwenye simu. Paluku anakaa Butembo, upande wa Rughenda. Kavira aliolewa Kirumba. Mimi niko Beni, na njia ya mashamba yetu watu hawaipiti tena ovyo, kwa hofu ya wenye bunduki. Jumapili tunapigiana simu, mtandao ukikubali. Wakati ule tulilala watatu chini ya blanketi moja, na tulimwogopa mtu mmoja tu, yule aliyeweza kutugawa. Hakutugawa. Tuligawanyika wenyewe, polepole, bila mtu kutuamuru.