Pikapu ya Plastiki ya Mume Wetu

Siku ile tulikuwa watu wanne kwenye baraza ya Kisarawe. Alikuwapo mume wangu, dereva wa zamani, ambaye presha ya macho imemmalizia macho yote mawili. Alikuwapo mke mwenzangu, mke mdogo, mwenye nyumba ile. Alikuwapo mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa pili, anayebandika watu kucha pale Maili Moja. Na mimi, mke mkubwa, wa upande wa Mlandizi. Majina yao ninayo, na ninayo ya karibu kila mtu aliyewahi kupanda pikapu ya mume wangu, yeye na baba yake na mzigo aliobeba. Lakini mume wangu kasema jina la mtu si karanga za kutembezwa kwenye sinia, basi nimeyaacha.

Kwa miaka mingi mume wetu alishika zamu kama dini inavyotaka, kwangu kisha kwa mwenzangu. Njia yake ya kazi ndiyo ilikuwa njia ya zamu. Alitoka Mlandizi akakata Mzenga na Maneromango, akaibukia Kisarawe na pikapu ya kijani imejaa matenga ya mananasi, na watu wamejibana pembeni ya matenga. Pikapu ilipokufa ikauzwa chuma chakavu, akawa anakuja kwa magari ya watu. Zamu haikukatika.

Ilikatika macho yalipokwenda. Alituita wote wawili akasema, "Nihalalishieni. Mume haletwi kwa mkewe kama gunia la mkaa. Nitakaa hapa hapa, miguu yangu inaujua msikiti." Nikamhalalishia kwa mdomo. Moyoni sikuhalalisha kitu, ila ningesema nini? Nikawa nakwenda mimi Kisarawe, nakaa siku kadhaa, narudi kwenye shamba langu.

Na kila nikienda namkuta amepungua. Si mwili, mwili alikuwa nao. Alikuwa amenyang'anywa kazi. Mwenzangu alimmiminia chai, akamtolea samaki miiba, akamkata kucha, akamfunga vifungo vya kanzu. Mimi nikifika nafanya yale yale, tena kwa kushindana naye. Mzee anabaki na mikono juu ya magoti kama mtu aliyekwenda kuposa.

Siku moja, katikati ya mazungumzo mengine, akaniuliza, "Lile gari langu la boksi, panya hawajalila?"

Boksi lile alipewa na fundi mmoja wa barabara, mgeni, aliyekuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na pikapu ya plastiki ambayo haijawa pikapu. Vipande vimeng'ang'ania kwenye vijiti kama nyama kwenye mwiba wa samaki, na mtu anavikata na kuviunga mwenyewe mpaka liwe gari dogo la kukaa juu ya kabati. Alianza kuliunga wakati ule: akafanya chesisi, akatia magurudumu, akabandika bodi ikapinda kidogo. Halafu la kweli likaharibika giaboksi, akasema hili atalimalizia baadaye. Nililitia sandukuni chini ya kitanda changu, na sijawahi kuhama nyumba, kwa hiyo lilikuwapo.

Safari iliyofuata nikamchukulia. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya jino la mzee. Akalipapasa, akalipima kiganjani, akasema ni jepesi mno, halina taa, halina kioo cha pembeni, lakini mwaka huu litakwisha. Akaagiza supaglu dukani. Nilimwona siku ile amekaa ukingoni mwa kiti, hakuegemea.

Basi gundi ikamsaliti. Ilimshika kidole gumba na cha shahada, na mlango wa pikapu katikati. Mwenzangu alicheka kwanza, kisha akaogopa. Tukamloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu ya sabuni mpaka ngozi ikaachia. Mwenzangu akasema kwa upole, na mimi nikaitikia kwa kichwa kana kwamba ananiona, "Basi mzee, tuachie. Tutakumalizia sisi."

Akajifuta mkono kwenye msuli. "Haya," alisema, "malizeni." Akaingia ndani, na hakuliulizia tena.

Sisi tuliona tumefanya wema. Nikampigia simu mjukuu wangu, kwa sababu nani mwingine ana vifaa vidogo vya kazi ndogo? Akaja na mkoba wake wa kucha: msasa, gundi, koleo ndogo, brashi zenye nywele chache, na chupa za rangi kama duka zima.

"Shikamoo mume wangu," alimwambia babu yake.

"Marahaba. Umekuja kunibandika kucha?"

"Nimekuja kukubandikia gari. Hawa wake zako wengine mikono inawatetemeka."

"Mke wa tatu ana mdomo," mwenzangu akasema, "na ugali wenyewe hajui kuusonga."

Tukalitandikia mkeka. Mjukuu akaondoa kwa msasa gundi ya zamani iliyoganda kama kamasi, akaibandua bodi taratibu, akainyoosha kwa mvuke wa birika, akairudisha ikakaa sawa. Kwa taa za mbele alikata karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti, akaidondoshea rangi ya kucha isiyo na rangi, ikawa kama kioo. Za nyuma alizitia rangi nyekundu ya kucha. Mwenzangu alitoa kipande cha chandarua, kikawa wavu wa mbele. Mimi nilichuna waya wa chaja mbovu, nikapinda vishikio vya vioo vya pembeni. Tyubu ya baiskeli tukaikata ikawa mikanda ya magurudumu na vizuia tope. Kiti ni sponji ya kuoshea vyombo, kimevalishwa pindo la kanga yangu. Chini ya chesisi tulibandika nati za baiskeli, ili liwe na uzito wa kitu.

Kwenye rangi ndipo tulipokwama. Mimi nilisema kijani cha mchicha. Mwenzangu akasema hapana, kilikuwa kijani kinachokaribia bluu.

"Gari lile nimeliosha mimi kabla wewe hujaolewa," nikamwambia.

"Na mimi nimeliosha baada, dada. Wangu ndio uoshaji wa mwisho."

Mjukuu alikuwa ameshika chupa mbili, hajui achovye ipi. Akasema, "Bibi zangu, babu haoni."

Tukaendelea kubishana, ila kwa sauti ya chini, na mwisho wake akazichanganya zote mbili.

Neno lile lakini lilitufungua akili. Kama haoni, tumtilie vitu ambavyo kidole kinaviona. Nikakumbuka bodi ya mbele kushoto ilivyobonyea kwa kisiki karibu na Mzenga. Tukapasha kijiko moto, tukabonyeza pale pale. Mwenzangu akakumbuka mlango wa utingo haukuwa ukifungika, ulikuwa ukifungwa kwa kamba. Tukaufunga kwa uzi. Nyuma tukaweka mabenchi ya vijiti vya mishikaki. Mwisho kabisa ukabaki usukani. Palikuwa na tundu lake kwenye dashibodi, na mjukuu alipokuwa akiuchomeka, mwenzangu ndiye aliyemshikia bodi. Aliangalia pale usukani ulipoingia. Akaangalia kidogo, kisha akasema, "Haya, weka."

Baada ya Alasiri tukampelekea barazani.

Alilipokea kwa mikono miwili. Akalipima uzito, akatikisa kichwa. "Zuri," alisema. "Mungu awalipe." Lakini aliisema kwa sauti ile mtu anayosifia pilau ya msibani. Nilijua, kabla hata hajaendelea, kwamba tumemtolea samaki miiba tena.

Vidole vikaendelea kwa heshima, kama vya mgeni. Vikafika penye bonyeo la kushoto, akasema, "Kisiki cha Mzenga," na mdomo ukacheza kidogo. Vikapita kwenye kamba ya mlango. Kisha kidole cha mwisho kikaingia dirishani, kikazunguka mle ndani, kikasimama.

"Huyu nani amekaa upande huu?" akauliza.

Hatukuelewa.

"Usukani. Mmeuweka kushoto."

Mjukuu akasema ndiko tundu liliko, lilitoka hivyo kiwandani. Na kweli, gari lilitengenezwa kwa nchi za watu wanaoendesha kwa upande mwingine. Hata picha ya boksi ilionyesha hivyo, na sisi tumeitazama siku zote zile.

Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaliweka gari chini. "Nimeendesha maisha yangu yote," alisema, "leo wake zangu wamekaa kikao wamenishusha cheo. Wamenihamishia kwa utingo."

Mjukuu akanyoosha mkono. "Nipe babu, nautoa dakika moja tu."

Mwenzangu akamshika mkono juu ya kifundo. "Mwache," alisema. "Gari la nani?"

Mume wangu akageuza uso upande wa sauti ile. Kisha akasema nimletee sindano ya kushonea magunia, na kijiti kimoja cha mshikaki kilichobaki.

Kazi ile mjukuu angeifanya mara moja. Mzee aliifanya siku ile na kesho yake. Aling'oa usukani kwa kuutikisa polepole kama jino la mtoto. Akapima kwa ukucha wa gumba toka ukingo wa kushoto mpaka lilipo tundu, akauhamisha ukucha ule ule mpaka ukingo wa kulia, akatia alama kwa ncha ya sindano. Akawa anaizungusha sindano kati ya viganja, anapuliza vumbi la plastiki, anapapasa, anaizungusha tena. Ikamchoma. Mimi na mwenzangu tukainuka pamoja.

"Kaeni," alisema. "Damu ni yangu."

Tukakaa. Naapa kukaa kule kulikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Mjukuu alipomsogezea gundi alikataa. Alisema usukani uliogandishwa utakwenda wapi? Akachonga kijiti kikawa mhimili, akauchomeka usukani ukaingia kwa kubana, na alipougusa, ukazunguka. Magurudumu hayakugeuka, hilo haliwezekani, lakini usukani ulizunguka kulia na kushoto chini ya kidole chake. Lile tundu la kwanza mwenzangu alitaka kuliziba. Mzee akasema liachwe, utingo naye anataka pa kutundika kofia.

Jioni ile alijimiminia chai mwenyewe. Nyingine ilimwagika kwenye sinia. Hakuna aliyemnyang'anya birika, na mimi nililitazama kama naliona mara ya kwanza.

Siku ya kuondoka kwangu tulikuwa jikoni tunamenya mihogo, mimi na mwenzangu, nikamwuliza. Nikamwambia, mdogo wangu, wewe umekaa mbele na yule bwana miaka yote ile. Hukujua usukani ulikuwa wapi?

Akaendelea kumenya. "Na wewe, dada, ulikaa mbele kabla yangu. Mbona hukusema?"

"Nilisahau."

"Basi na mimi nilisahau," alisema, akanichagulia mihogo minene akaitia kwenye kikapu changu. Mwanamke huyu anakumbuka kila kuku wake alikufa kwa ugonjwa gani. Hakusahau. Aliona mapema kuliko mimi kwamba mzee anahitaji kuachiwa kosa la kurekebisha, na alijua pia akipata nguvu atakwenda wapi.

Nilipokuwa nafunga kikapu, mume wangu akaita kutoka barazani, "Magari ya Mlandizi siku hizi mnapandia wapi?" Nikamwambia. "Basi nitolee kanzu. Atakayenishika mkono nitamshukuru, lakini hatua ni zangu."

Mwenzangu ndiye aliyeitoa kanzu. Ilikuwa imeshapigwa pasi.

Tulipita njia yake ya zamani, kwa sababu aliitaka. Pikapu ilikuwa mapajani, kidole dirishani. Kila kona ya Maneromango mpaka Mzenga alikata usukani mdogo kabla dereva hajaukata wake, na alikosea mara chache, pale walipoinyoosha barabara.

Zamu imerudi. Ninapoandika haya yuko nje anapukuchua mahindi, na pikapu iko juu ya kabati. Sasa nyie mliopanda gari lile, mkishuka na mananasi yenu Kisarawe au mkirudi Mlandizi na chumvi na sabuni, mtalikumbuka. Mwenzangu bado anasema lilikaribia bluu. Kisiki kile pengine kilikuwa karibu na Maneromango na si Mzenga. Kama nimekosea, nisahihisheni, sitanuna. Ila mlango wa utingo ulifungwa kwa kamba. Kwa hilo hata mwenzangu yuko upande wangu.